Nyota za Behewa Bovu

Wewe unayenisikiliza, kabla sijakueleza mtu huyu alikuwa nani, ingia naye kwanza ndani ya behewa tupu. Usiogope. Ni mchana, jua la Tabora limewaka, na nje wachukuzi wanabishana kama kawaida yao. Sasa mlango wa chuma unavutwa nyuma yenu, unagonga, giza linawameza. Husikii chochote ila pumzi za watu wawili: yako na ya mtu aliyekuingiza humo. Ukitaka kusema, anakukataza kwa kukugusa bega. Subiri. Macho yanazoea polepole. Halafu, kama behewa ni bovu, utaanza kuziona juu ya kichwa chako: nukta za mwanga, moja hapa, mbili kule, kama anga la kiangazi. Hizo aliziita nyota. Kila nyota ni tundu, na kila tundu mvua italitafuta.

Mtu huyo alikuwa mgawa mabehewa wa stesheni yetu. Cheo chake kwenye karatasi kilikuwa kirefu zaidi, lakini sisi wateja tulimwita hivyo, na hivyo ndivyo nitakavyomwita. Kazi yake ni rahisi kuieleza na ilikuwa ngumu kuifanya. Mizigo ilikuwa mingi, mabehewa machache. Tumbaku na nta kutoka upande wa Sikonge, karanga na pamba kutoka upande wa Nzega, chumvi na dagaa kutoka magharibi, mahindi ya serikali, vitambaa vya wenye maduka: vyote vilitaka kupanda treni siku moja. Yeye ndiye aliyesema nani apate behewa leo na nani arudi kulala juu ya magunia yake.

Mimi nilimjua kwa sababu ya tumbaku. Nilikuwa mwalimu wa elimu ya watu wazima katika kijiji kimoja cha huko Sikonge, na ushirika wetu ulipoanza, wakulima walisema, "Mwalimu anajua kuandika na haogopi watu wa mjini, aende yeye na mzigo." Kuandika nilijua. Hilo la kutoogopa walinisingizia. Kila msimu nilifika pale jukwaani nimeyakariri maneno yangu njia nzima.

Kanuni yake ilikuwa moja: "Niletee mzigo niuone." Hakuwa na foleni ya majina wala ahadi ya mdomo. Mzigo uliotangulia kukaa jukwaani ndio uliotangulia kuchagua behewa. Hata ungekuja na barua yenye mhuri mkubwa, angeikunja vizuri, akurudishie, na kukuuliza, "Mzigo uko wapi?" Kwa hiyo watu waliwahi na mizigo yao, wakaiweka pale nje, wakailinda juani na mvuani. Ilikuwa kanuni ya haki, na ilikuwa kanuni ya mateso. Nimeona wanaume wazima wakisukumana kwa ajili ya nafasi ya magunia mawili.

Alikuwa na tabia ya kunywa kahawa yake ya asubuhi akiwa amekaa juu ya mizigo ya wateja. Leo kwenye mzigo huu, kesho kwenye ule. Wageni walidhani ni dharau. Sisi tulijua anasikiliza kwa makalio, kama alivyosema mwenyewe. Palikuwa na mfanyabiashara mmoja wa asili ya Kihindi, mwenye duka kubwa karibu na stesheni, tuliyemwita Bwana Duka. Msimu mmoja karanga zake zilichelewa huko vijijini, akaona atapitwa. Akajaza magunia pumba za mpunga, akayapanga jukwaani yashike nafasi. Asubuhi mgawa mabehewa akaja na kikombe chake, akaketi juu ya gunia la kwanza, likamzamisha mpaka magoti yakafika kidevuni.

Akanywa kahawa yake yote humohumo, taratibu. Halafu akasema, "Bwana Duka, karanga zako zimekonda. Zinaumwa nini?"

Jukwaa zima lilicheka. Bwana Duka naye alicheka, maana hakuwa na njia nyingine. "Zimefunga, mzee. Zitafuturu wiki ijayo."

"Basi zikifuturu ndio uzilete. Leo toa hizi, kuna watu nyuma yako."

Hakuongeza neno, na hakulitaja tena jambo lile. Lakini ujue pia kwamba hakuwa mtu mwepesi. Wengine wakikasirika hupandisha sauti, yeye aliishusha. Ukiona unalazimika kumsogelea ili umsikie, ujue umefika pabaya. Mrina asali mmoja alimletea kibuyu cha asali ofisini kama shukrani. Akakirudisha kwa sauti ile ya chini, mpaka yule mzee akatoka kinyumenyume. Jioni yake nilimkuta mgawa mabehewa sokoni, mbele ya yule yule mrina asali, ananunua kibuyu kile kile, tena hakuomba apunguziwe. Akanionyesha: "Sasa ni changu, mayo." Mayo kwa Kinyamwezi ni mama, ndivyo alivyowaita wanawake wote, hata mimi niliyekuwa mdogo wake kwa mbali.

Na kulikuwa na jambo la treni. Mtu aliyetumia maisha yake kupakia treni hakupanda treni. Akienda kwao alikwenda kwa baiskeli, hata kama njia ilimchukua mchana kutwa. Kila aliyemwuliza alipata jibu lake. Wachukuzi aliwaambia kichwa kinamzunguka. Stesheni masta alimwambia anapenda kuona misitu. Mimi alinijibu, "Nimewafungia wengi milango. Sitaki mwingine anifungie mimi." Nikamwambia, mbona kila siku anajifungia behewani kutafuta nyota? Akanitazama kana kwamba nimemkanyaga. "Pale nakuwa na mteja," akasema, "na mlango anaufunga mtu ninayemjua."

Hilo la kuingia na mteja hakuliacha kamwe. Hakukubali mtu apokee behewa kwa kuambiwa kwamba ni zima. Ilibidi uingie, usimame gizani naye, uone mwenyewe. Halafu unuse. Behewa lililobeba dagaa halifai tumbaku. Majani yale yanashika harufu kama nguo, na mnunuzi akinusa samaki ndani ya robota, kazi ya mwaka mzima inashushwa daraja.

Sasa nikupeleke kwenye siku ninayoikumbuka kuliko zote. Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya pamoja. Mabehewa yalikuwa adimu kuliko nilivyowahi kuona. Tumbaku yetu ilikuwa imekaa jukwaani siku kadhaa, chini ya maturubai mawili makubwa ambayo kijiji kilikuwa kimejinyima kuyanunua. Mimi na mzee mmoja wa ushirika, fundi wa kukausha tumbaku, tulilala papo hapo kwa zamu. Mawingu yalikuwa yakijikusanya upande wa mashariki kila alasiri, yakatutisha, yakaondoka. Siku ile hayakuondoka.

Asubuhi yalifika mabehewa mawili tu. Nikaingia la kwanza na mgawa mabehewa: kavu, giza tupu, halina harufu. Nikashukuru kimoyomoyo. Tukaingia la pili: nyota hazina idadi, na dagaa walioondoka wiki ile walikuwa wameacha roho zao humo. Fundi wa stesheni wa kuziba matundu alikuwa ameishiwa lami.

Hata la kwanza lisingetosha tumbaku yote. Sehemu ingebaki jukwaani kusubiri, na ndiyo maana maturubai yale tuliyahesabu kama paa la nyumba yetu.

Tukiwa tunajiandaa kupakia, yakaingia malori mawili ya mahindi. Akashuka ofisa wa wilaya, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Hakusalimu.

"Nataka behewa zima, sasa hivi. Treni ya magharibi inaondoka alasiri."

"Mzigo wako nimeuona," mgawa mabehewa akajibu. "Ila umekuta mwingine. Tumbaku imetangulia, imeshachagua. Wewe umebaki na hili la pili."

"Tumbaku!" Ofisa akacheka kicheko kibaya. "Mzee, watu wanachimba mizizi kule. Kijiji kizima cha wahamiaji, kwenye tawi la kwenda Mpanda. Wamehama, mashamba yao wameyaacha nyuma, mapya hayajazaa. Wewe unanipa behewa la dagaa linalovuja?"

"Harufu ya dagaa haiui mahindi."

"Na mvua?"

Mgawa mabehewa alitazama mashariki.

"Nakuandikia leo," ofisa akasema. "Kabla jua halijazama utakuwa huna kazi. Umesikia?"

Ndipo ile sauti ikashuka. Tulisogea wote. "Andika, bwana. Lakini nikimwondoa huyu mama kwa sababu wewe una lori la serikali, kesho atakuja mwingine mwenye gari kubwa zaidi, akuondoe wewe na mahindi yako. Wewe unataka nigawe hivyo?"

Mzee wa ushirika akanivuta kanga. "Mwalimu, pakia. Pakia haraka kabla hawajabadilisha maneno."

Lakini mgawa mabehewa hakutuachia tuondoke. Akamwambia ofisa, "Twende ukalione behewa lako." Akanigeukia: "Nawe, mayo, njoo." Sikujua kwa nini ananiita, mzigo haukuwa wangu. Nilikwenda.

Mlango ukafungwa. Harufu ilitukaba. Nikaziona nyota zikitokeza, moja baada ya nyingine, mpaka juu yetu palikuwa kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Ofisa alisimama katikati. Nilisikia tu anavyohema. Halafu akasema, si kwa sauti ile ya jukwaani:

"Mimi ndiye niliyewaambia wahame. Nilisimama mbele yao nikawaahidi chakula kitafika. Kuna bibi mmoja aliniuliza, 'Kweli, mwanangu?' Nikamwambia kweli."

Nilimsikia mgawa mabehewa akikohoa kidogo, akagonga ukuta wa behewa ili tufunguliwe.

Tulipotoka mwanga uliniumiza macho. Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa maturubai yetu juu ya tumbaku. Ofisa naye alikuwa akiyatazama. Mgawa mabehewa peke yake alitazama chini. Yeye hakuomba, na nadhani hata kama ningemsubiri mpaka usiku asingeomba. Kitu cha mteja kilikuwa cha mteja.

"Dada," ofisa akaniambia, "mimi nitalichukua hili bovu. Kama ukinipa yale maturubai, tukiyafunika magunia humo ndani, yatafika."

"Na tumbaku itakayobaki?" mzee wa ushirika akadakia. "Tuifunike kwa nini, kwa hotuba yako?"

"Mzee, naomba."

"Yale si yangu wala si ya huyu Mwalimu. Ni ya kijiji. Wake zetu wameacha kununua kanga kwa ajili ya yale maturubai. Mwalimu, mwambie!"

Nilitazama mashariki. Wingu lilikuwa limeshuka mpaka limefunika vilima. Nikamwuliza mgawa mabehewa, "Mzee, wewe unasemaje?" Nilitaka aniamulie. Nilitaka sana.

"Mimi nagawa mabehewa," akasema. "Maturubai sigawi."

Nikasema yatolewe. Mzee wa ushirika alivua kofia yake akaitupa chini, akaondoka hadi mwisho wa jukwaa, akarudi, akaiokota. Kisha, bila kunitazama, akaanza kufungua kamba upande wake.

Tulifanya kazi kama watu wanaokimbizwa. Tumbaku ikaingia behewa zima hadi likajaa. Mahindi yakaingia lile bovu, na mgawa mabehewa mwenyewe akapanda kutandaza maturubai, jambo ambalo sikuwahi kumwona akimfanyia mteja yeyote. Alikunja kila pembe mara mbili. Nikamshangaa, maana vidole vilivyozoea kufunga fundo bila kutazama siku ile vilikuwa vinaponyokwa na fundo, anaanza upya. Nikadhani ni hasira ya kutishiwa kazi. Alipomaliza alijifungia humo mara nyingine, peke yake, akakaa mpaka dereva wa treni akapiga honi. Ofisa alipanda juu ya mlima wa magunia yake, akaondoka nayo. Kuhusu ile barua ya kumwondoa kazini, sikuwahi kusikia kwamba iliandikwa.

Treni haijapita hata kona, matone ya kwanza yakapiga mabati ya stesheni. Tulivuta marobota yaliyobaki kwa mikono, wachukuzi wakatusaidia bila kuitwa, na Bwana Duka akatoka mbio na mwavuli, anapiga kelele, "Leteni kwangu! Leteni barazani! Ondoeni vitambaa, wekeni tumbaku!" Tuliokoa mengi. Si yote. Marobota yaliyokuwa chini kabisa yalinyonya maji, na mvuke wake ulinuka kama chai iliyosahauliwa.

Kijijini nilisimamishwa mbele ya mkutano. Sitakudanganya kwamba walinielewa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama watu wa Mpanda ndio watakaomlipia mwanawe sare ya shule. Msimu mzima nilisalimiwa kwa ncha ya ulimi. Yule mzee wa ushirika, aliyekuwa amenipinga, ndiye pekee aliyesimama na kusema, "Nilikuwepo. Nilifungua kamba kwa mikono yangu. Mkimlaumu, nilaumuni na mimi." Baadaye sana maturubai yalirudi kwa treni ya mizigo, yamekunjwa pembe mara mbili. Tulipoyakunjua zilianguka punje za mahindi, kuku wakazigombania.

Miaka ikapita. Nilihamishwa kufundisha kwingine, mgawa mabehewa akastaafu. Siku moja nikiwa Tabora nikasikia anaishi mtaa wa Ng'ambo, nyuma ya mafundi seremala, nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la mkaa mlangoni, kikombe cha kahawa mkononi. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akainamisha sikio. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Wewe ni tumbaku," akasema, uso wote ukafunguka. "Mayo wa tumbaku! Mzigo uko wapi?"

Ndani akatoka mwanamke mzee, mwembamba, amejifunga kanga mbili. Alikuwa dada yake. Kumbe mgawa mabehewa alikuwa amepanda treni mara moja maishani, baada ya kustaafu, kwenda kumchukua dada huyo alipofiwa na mumewe. "Alishika dirisha njia nzima," dada akaniambia huku akimcheka. "Hakufumba jicho. Kila stesheni anauliza, 'Mlango umefungwa na nani?'" Kisha akanitazama vizuri. "Tumbaku gani? Ndiye wewe wa maturubai?"

"Acha hayo, mwanamke," mgawa mabehewa akasema.

Hakuacha. Alinishika mikono yote miwili. Alikuwa mmoja wa wahamiaji wa kijiji kile, kwenye tawi la Mpanda. Alikuwepo walipofungua behewa. "Lilikuwa linanuka dagaa, lakini mahindi yalikuwa makavu. Makavu! Tuliyakunja maturubai yako kwa mikono hii, kama tulivyoyakuta."

Nilikaa chini. Nikaona tena vidole vile vikiponyokwa na fundo. Alijua mzigo ule unakwenda kwa nani, tangu ofisa alipokitaja kijiji. Alijua, na bado alitupa behewa zima sisi, kwa sababu tulitangulia.

"Mzee, kwa nini hukuniambia?"

Alikunywa kahawa, hakuharakisha. "Ningekwambia, ungeyatoa maturubai kwa ajili yangu. Na kesho yake kila mtu angekuja jukwaani na dada yake." Halafu ile sauti ikashuka, nikasogea nimsikie, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya hasira. "Lakini nilikuita uingie. Sikuwa na haja ya kukuita. Mzigo haukuwa wako."

Mafundi seremala nyuma ya nyumba walikuwa wakipiga randa. Kisha akasimama, akanishika bega. "Mwanangu ameweka mabati mapya juu ya chumba cha dada. Nimewauliza kama yako sawa, wote wanasema sawa. Hawa wananihurumia. Twende."

Tukaingia. Dada akaufunga mlango kutoka nje, na dirisha akalifunga pia. Tulisimama gizani kama zamani, mkono wake begani kwangu. Nikasubiri. Nilitamani sana kumwambia hakuna kitu.

"Haya," akanong'ona. "Unaona nyota?"

"Moja. Juu ya kitanda, upande wa kichwani."

"Nilijua," akasema, na nikausikia mkono wake ukilegea kwa furaha. "Nilijua tu. Dada! Fungua, tusogeze kitanda chako."

Basi nawe, kabla hujaweka chini ya paa lolote kitu ambacho mtu anakitegemea, usiulize kama ni zima. Ingia na mwenzako mchana, jua likiwa kali. Fungeni mlango na dirisha. Nyamaza mpaka macho yazoee giza, kisha tazama juu, na mwambie mwenzako unachokiona.